Andika kwanza unachodhani: mshumaa, glasi na somo la sayansi

Weka mshumaa mfupi katikati ya sahani. Mimina maji yaliyotiwa chai ya rangi kidogo ili yaonekane, washa mshumaa, kisha ufunike kwa glasi. Baada ya sekunde chache mwali unafifia na kuzimika, na maji yanapanda ndani ya glasi kama yanayovutwa kwa mrija. Nimelifanya jaribio hili mbele ya watoto wa darasa la sita mwaka baada ya mwaka, na kila mara wapo wanaopanda juu ya madawati ili wasipitwe.

Ni jaribio kongwe. Philo wa Bizanti alilieleza karne ya 3 kabla ya Kristo. Walimu wengi wa rika langu tulilikuta katika madaftari ya waliotufundisha, na maelezo yake tumeyashika kwa moyo: moto unahitaji oksijeni, mshumaa umeimaliza oksijeni iliyokuwa ndani ya glasi, maji yamepanda kujaza nafasi iliyoachwa. Na kwa kuwa oksijeni ni kama sehemu moja ya tano ya hewa, maji nayo hupanda kama moja ya tano ya glasi. Watoto wananakili, mchoro unachorwa kwa rula, kengele inalia.

Maelezo hayo si sahihi, na mimi niliyafundisha kwa miaka kadhaa.

Aliyenifumbua macho ni mtoto aliyekaa dawati la mbele, upande wa dirishani. Nilikuwa nimeshamaliza kueleza nikaona mkono umenyooshwa. "Mwalimu, mbona maji yalingoja moto uzimike ndiyo yakapanda?" Nikamjibu kwamba yalianza kupanda tangu mwanzo, ila yeye hakuona vizuri. Akakaa. Sikukusudia kumdanganya, niliamini nilichosema kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Lakini mtoto yule alikuwa ameitazama sahani, na mimi nilikuwa natazama maelezo niliyokuja nayo.

Jioni nikalirudia nyumbani kwenye meza ya kulia. Alikuwa amesema kweli. Mshumaa unapowaka maji hayasogei kiasi cha maana. Mwali ukishakufa ndipo yanapopanda kwa kasi. Na ukiinamisha kichwa hadi usawa wa sahani utaona jambo jingine: glasi inaposhushwa juu ya mwali, mapovu machache hutoka chini ya ukingo wake. Kumbe kuna hewa inayotoka kabla maji hayajaingia. Kama oksijeni kuliwa ndiyo sababu yote, mapovu yale yangetoka kwa sababu gani?

Kinachotokea ni hiki. Mwali huipasha moto hewa ya ndani ya glasi, hewa hiyo ikatanuka na sehemu yake ikatoroka. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na kanieneo ya hewa ya nje huyasukuma maji kuingia. Oksijeni inatumika, ni kweli, lakini mshumaa huzimika ikiwa bado ipo asilimia 16 hivi ya hewa ya ndani, kati ya asilimia 21 za mwanzo. Tena ile iliyotumika haipotei hivi hivi: inageuka kabonidayoksaidi, ambayo nayo inachukua nafasi, na mvuke ambao utauona umeganda kama matone kwenye kuta za glasi. Ile moja ya tano tunayoipima kwa rula ni tukio la bahati, linalotokana na ukubwa wa glasi na mwali. Badilisha glasi, utapata jibu jingine.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo ninapoona fursa kubwa inayopotea kila siku. Jaribio la mshumaa ni miongoni mwa machache ambayo watoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili wanaweza, wao wenyewe, kwa vifaa vya duka la mtaani, kuyahoji maelezo ya mwalimu wao na kuyashinda. Mwalimu akimaliza maelezo yale ya oksijeni, asifute ubao. Awaulize: kama maji hupanda kwa sababu oksijeni imeisha, tukiweka mishumaa mitatu chini ya glasi ileile, maji yatapanda zaidi, yatapanda vilevile, au yatapungua?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Glasi ni ileile, hewa ni ileile, oksijeni ni ileile. Mtoto anayeamini maelezo ya mwanzo analazimika kusema maji yatafika palepale. Hapo ndipo ninapowataka wafungue madaftari na kila mmoja aandike, kwa kalamu, anachodhani kitatokea na sababu yake. Kwa penseli sikubali, na nitaeleza kwa nini. Kisha nahesabu mikono: wanaosema zaidi, wanaosema vilevile, wanaosema pungufu. Idadi zinaandikwa ubaoni. Darasa hunyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuipata kwa kugonga meza, maana sasa kila mtoto ana kitu chake kilichowekwa rehani pale kwenye sahani.

Tunawasha mitatu. Tunafunika. Maji yanapanda, na yanapita alama tuliyoichora kwa mshumaa mmoja.

Kelele zikitulia, kazi ndiyo inaanza. Kuna atakayesema mishumaa mitatu imekula oksijeni zaidi. Vizuri, ila imeipata wapi iliyozidi? Kuna atakayesema joto limeongezeka. Vizuri pia, na huyo anaulizwa: utatuonyeshaje kwamba ni joto? Mwaka mmoja wasichana wawili walitoka na jibu ambalo sikuwa nimewapa. Walisema tuipashe glasi moto bila kuwasha kitu chochote. Tukamimina maji ya moto ndani ya glasi, tukaizungusha, tukayamwaga, tukaifudikiza haraka kwenye sahani. Maji yakapanda, na hapakuwa na mwali wowote ulioteketeza oksijeni. Watoto wale walikuwa wametenganisha sababu mbili zilizokuwa zimefungamana, jambo ambalo watafiti hulipwa mishahara kulifanya, na walilifanya kwa glasi ya kunywea maji.

(Kwa mwalimu anayetaka kuionyesha ile moja ya tano kwa haki, ipo njia. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zilowanishe kwa siki, zisindike kwenye kitako cha glasi ndefu, kisha ifudikize kwenye sahani ya maji na uiache siku chache. Chuma kikishika kutu huitumia oksijeni bila kutoa gesi nyingine mahali pake, na hapana mwali wa kuitanua hewa. Maji hupanda polepole hadi karibu na moja ya tano, yakakoma. Hilo halina tamasha la mwali unaozimika, na ndiyo maana nadhani limesahauliwa.)

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania anaweza kukutajia hatua za uchunguzi wa kisayansi bila kumeza mate: kutambua tatizo, kuunda dhanio, ambalo wengine huliita nadharia tete, kufanya jaribio, kukusanya data, kuzichambua, kutoa hitimisho. Akifika kidato cha kwanza atazikariri upya kwa Kiingereza. Mtihani ukiuliza "taja hatua", atapata alama zote. Na anaweza kuwa hajawahi hata siku moja kudhani jambo, akalijaribu, akakuta si hivyo alivyodhani.

Hatua zile si uongo. Tatizo ni kwamba tunazifundisha kama mashairi ya kukariri na kuiacha hatua moja ambayo bila yake nyingine zote ni maigizo, nayo ni ya kujifunga kwa maneno kabla ya kuona. Mtu asiyeandika alichotarajia hawezi kushangazwa. Akiona maji yamepanda atasema "nilijua", na atakuwa anaamini kabisa kwamba alijua, kwa maana akili ya binadamu ni hodari wa kupanga upya kumbukumbu zake. Kalamu inamzuia. Ndiyo maana nakataa penseli: watoto wetu tumewafundisha kuona haya kwa kosa, na mwenye kifutio atafuta dhanio lake mara tu maji yatakapomsaliti. Nimewaona wakilamba kidole na kusugua wino hadi karatasi ikatoboka. Kwangu mimi daftari lenye dhanio lililokosewa, na chini yake sababu za kukosewa, lina thamani kuliko daftari safi lenye hitimisho lililonakiliwa ubaoni.

Watanzania tuna mfano wetu katika jambo hili, na nadhani tunausimulia vibaya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaingiza kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inaisha. Akaamua kuyaingiza yake yakiwa bado ya moto, huku mwenzake akiingiza yasiyochemshwa kabisa. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba wao hutumia ya moto makusudi ili kuwahi. Alipofika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo darasa zima likawa linamtania kwa maneno hayo kila alipokosea hesabu.

Hakunyamaza. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friza. Na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza swali lake mbele ya wanafunzi wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, Mpemba akiwa wakati huo anasoma chuo cha wanyamapori cha Mweka.

Katika makala hiyo mna aya ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila maabara ya shule. Osborne alimwachia msaidizi wa maabara afanye jaribio. Msaidizi akarudi na taarifa kwamba yale maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza kweli, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio hadi watakapopata matokeo sahihi. Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alifanya kile ambacho shule ilimzoeza: kuyajua matokeo sahihi kabla ya kupima, na kurudia kipimo mpaka kitii.

Tunasimulia kisa hiki kwa fahari, kwamba kijana wa Kitanzania aliwashinda walimu wake na ulimwengu ukaliita jambo hilo kwa jina lake. Fahari ni halali. Lakini mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha uchunguzi ambao haukuona uthibitisho wa jambo hilo katika vipimo vyao, na wakaonyesha kuwa hata tofauti ndogo ya kina ambacho kipimajoto kimewekwa inaweza kukufanya udhani umeliona. Wapo wengine wanaoendelea kulitetea. Mjadala haujafungwa. Nimewahi kuwatajia walimu wenzangu habari hii nikaona nyuso zikibadilika, kana kwamba nimemtukana Mpemba.

Sikumtukana. Kumpenda Mpemba kwa sababu alikuwa sahihi ni kumpenda kwa sababu ndogo. Ukubwa wake ni kwamba aliona, akauliza, akazomewa, akajaribu tena peke yake, kisha akalipeleka swali kwa mtu aliyekubali kulipima. Hayo yanabaki hata kama siku moja itathibitika kwamba maji ya moto hayana haraka yoyote. Tukimgeuza kuwa fundisho lisilohojiwa, mtoto akaambiwa "aliyasema Mpemba, andika", tutakuwa tumemtendea lile alilotendewa Magamba.

Na huko juu, sekondari, mafunzo ya kutii matokeo yanaimarishwa kwa alama. Kwenye mtihani wa vitendo wa Kemia wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, sehemu ya alama za titresheni, yaani kupima kiasi cha kimiminika kinachotosha kukamilisha mmenyuko, hutegemea jibu la mtahiniwa liko karibu kiasi gani na thamani aliyoipata mwalimu wa shule hiyo. Sababu yake naielewa: kemikali hutofautiana kati ya shule na shule, lazima pawe na kipimo cha haki. Ila mwanafunzi anajifunza jambo jingine pembeni, kwamba jibu zuri ni lile linalofanana na la mwalimu. Kwetu ni penduli, jiwe linalobembea kwenye uzi. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mvutano wa dunia lazima utoke 9.8, au 10 ukiwa na haraka. Basi anaanzia mwisho, anarudi nyuma, anapika sekunde zinazohitajika. Grafu inanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kijana aliyepima kwa uaminifu akapata 9.1 kwa sababu uzi wake ulipimwa hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe anaonekana mzembe, wakati yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kitu cha kuchunguza.

Najua ninayoambiwa kila nikisema haya. Darasa lina watoto tisini. Maabara hakuna. Silabasi haisubiri mtu. Mtihani wa taifa hauulizi dhanio la mtoto fulani kuhusu mishumaa mitatu. Yote ni kweli na sitayadharau, nimefundisha darasa la namna hiyo. Lakini jaribio hili halihitaji sahani tisini. Linahitaji sahani moja mezani na madhanio tisini kwenye madaftari. Kinachopungua kwa mtoto asiyeshika mshumaa ni kidogo. Kinachopotea kwa mtoto asiyeandika dhanio ni somo lote. Muda wenyewe ni dakika kumi za ziada. Watoto tisini tena wana faida yao, kwa maana katika tisini hutakosa watatu wanaoamini jambo ambalo hukulitarajia, na hao ndio wanaolipeleka darasa mbele.

Kizuizi ninachokiona mimi ni kingine, nacho hakitajwi kwenye semina. Mwalimu anaogopa kuonekana hajui. Tumelelewa kwamba mkubwa habishiwi, na mwalimu ni mkubwa. Adabu hiyo siitaki ife. Mtoto anayeniamkia asubuhi na kunipokea mkoba ananipa heshima ninayoithamini. Ila jaribio lina neema yake. Mtoto hanibishii mimi, sahani ndiyo inayonibishia, na sote wawili tunainama kuisikiliza. Tangu nilipoanza kuandika dhanio langu ubaoni pamoja na ya watoto, na kulipigia mstari mbele yao linapokosea, sijaona heshima ikipungua. Nimeona maswali yakiongezeka.

Na haya yafanyike mapema, shule ya msingi, wakati watoto wa Tanzania wengi wao bado wanasoma sayansi kwa Kiswahili. Mtoto anayebishana kuhusu mshumaa anahitaji "labda", "mbona", "ila", "ingekuwa hivyo basi ingekuwa vile". Maneno hayo anayo tangu kwao. Akivuka kwenda kidato cha kwanza atakaa mwaka mzima au zaidi akiyatafuta kwa lugha nyingine, na wengi huamua kunyamaza.

Wiki iliyopita tulipomaliza jaribio la glasi iliyopashwa moto, mvulana mmoja ambaye huwa hasemi alibaki nyuma wakati wenzake wanatoka kwenda mapumziko. Akaniuliza ingekuwaje kama maji yaliyomo kwenye sahani ndiyo yangekuwa ya moto. Nikafikiri kidogo. Nadhani yatapanda kidogo kuliko ya baridi, kwa sababu hewa ya ndani haitapoa sana, lakini mvuke unanitia shaka, na sijawahi kulifanya. Nikamwambia hivyo hivyo. Yeye anadhani hayatapanda kabisa. Tumeandika wote wawili, kwa kalamu, kwenye ukurasa mmoja wa daftari lake, na kesho ataleta chupa ya chai kutoka kwao.